Hapana Moja ya Kata ya Kigwadu

Nchi ninayoisimulia hapa haipo. Naomba hilo lieleweke mapema, maana nina mke, nina watoto wanne, na nina nyumba ambayo upande wa jikoni bado haujaezekwa. Haipo kwenye ramani, na kama ipo, basi si ile unayoifikiria.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo, Rais alipendwa mno. Alikuwa ametawala miaka ishirini na mitatu, na jina lake rasmi lilikuwa Mkombozi wa Pili; wa kwanza alikuwa nani, shuleni hawakufundisha. Kila baada ya miaka mitano wananchi waliulizwa kwa kura ya ndiyo na hapana kama aendelee. Na kwa kuwa serikali ile haikupenda kumshtua mtu, miezi miwili kabla ya kura ulifanywa utafiti wa maoni, ili kila mwananchi ajue mapema atakavyochagua. Kazi hiyo ilikuwa ya Taasisi ya Kupima Mapenzi ya Wananchi, chini ya Profesa Tindwa, msomi mkubwa aliyekuwa na miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani.

Utafiti uliotangulia ulikuwa umetoa asilimia mia moja. Wageni wa ng'ambo wanaoisaidia nchi ile waliisoma namba hiyo, wakacheka. Rais aliumia sana. Akamwita Profesa.

"Hawa watu wanataka nini?"

"Wanataka wapinzani, Mheshimiwa. Wachache tu. Wanasema namba yetu haina chumvi."

"Basi wapeni. Sisi si wachoyo."

Profesa akajifungia ofisini wiki tatu, akatoka na matokeo ya kisayansi: ndiyo, asilimia tisini na saba nukta mbili, hapana, asilimia mbili nukta nane. Matokeo yakachapwa, yakapigwa mhuri, yakafungiwa kabatini. Kilichobaki sasa kilikuwa kwenda kuwatafuta watu wenyewe.

*

Kata ya Kigwadu iko upande wa mbali wa Mto Luhembe. Mdadisi wake aliitwa Pelagia Kashaga, mwanamke wa miaka thelathini na minane, mjane mwenye binti wawili wa sekondari. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na miwili. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba fomu zake zilitumika kuwafundishia wengine. Alikuwa na kasoro moja tu, ambayo Taasisi haikuwahi kuigundua: akishauliza swali, alisubiri jibu.

Barua kutoka makao makuu ilimtaka ahoji watu thelathini na sita. Asilimia mbili nukta nane ya watu thelathini na sita ni mtu mmoja na sehemu nane za elfu za mtu. Makao makuu, kwa huruma, yaliagiza kwamba hizo sehemu nane za elfu zisamehewe. Kigwadu itoe mtu mmoja wa hapana, basi.

Mtendaji wa Kata, Bwana Chelestino, akaitisha mkutano kwenye uwanja wa shule. Watu walijaa, maana wasiohudhuria huandikwa.

"Ndugu wananchi," alisema, "serikali imetupa heshima kubwa. Tunatakiwa tutoe mtu mmoja asiyemtaka Rais. Ni kwa ajili ya takwimu tu. Jina halitaandikwa popote. Nani yuko tayari?"

Watu wakapiga makofi kwa dakika tatu. Hakuna aliyesimama.

"Msipige makofi. Nataka mtu."

Wakapiga tena, safari hii kwa nguvu zaidi.

Mama mmoja muuza dagaa akapendekeza aandikwe Petro mlevi. Petro, aliyekuwa amelala ukutani, akaamka akalia machozi, akaapa kwamba hata akiwa amelewa anampenda Rais, na pengine zaidi. Mwingine akashauri waandike marehemu. Bwana Chelestino akatikisa kichwa kwa masikitiko: marehemu wote wa kata walikwishaandikwa upande wa ndiyo. Ikapigwa kura ya vijikaratasi. Kijikaratasi chenye alama kikamwangukia fundi cherehani, Bwana Eligi, ambaye alikisoma, akakimeza, na jioni hiyo akahamia kwa wakwe zake wilaya ya pili.

Hapo ndipo aliposimama Mzee Anakleti Bugomora.

Watu wa Kigwadu walimfahamu wote. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mhudumu wa zahanati, mwenye kazi ya kupima uzito wa watoto wachanga. Nusu ya watu waliokuwa pale uwanjani walishaning'inia kwenye mzani wake wakilia, Pelagia akiwamo. Sasa alikuwa na miaka sitini na minane, amestaafu, anaishi peke yake.

"Niandike mimi," alisema.

Bwana Chelestino akashukuru Mungu kwa sauti. "Mzee wetu amejitolea! Huu ndio uzalendo!"

"Sijajitolea," alisema Mzee Anakleti. "Mmeuliza nani hamtaki. Nimejibu."

Bwana Chelestino, kwa kuwa alikuwa mtu mzoefu, akaanzisha makofi mwenyewe.

*

Kesho yake asubuhi Pelagia alikwenda nyumbani kwa Mzee Anakleti na mkoba wake wa fomu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Nina chai."

Pelagia alikaa, lakini hakufungua mkoba. "Baba, bado kuna nafasi ya kubadilisha. Nitamtafuta mwingine. Nitasema umeugua."

"Siumwi. Andika."

Fomu ilikuwa fupi. Swali la kwanza liliuliza kama mhojiwa anampenda Rais, na majibu yalikuwa matatu: sana, sana mno, hapana. Pelagia akaweka alama kwenye hapana. Mkono wake ulikuwa haujawahi kufika upande ule wa karatasi. Chini yake palikuwa na mstari mmoja, umeandikwa: Sababu, kama ipo.

"Kuna sababu, Baba?"

Pelagia akasubiri, kama alivyozoea.

"Unamkumbuka mke wangu Veneranda," alisema mwishowe. "Unajua alikufa. Hujui alivyokufa, maana sijamwambia mtu."

Akaeleza. Mwaka ule daraja la Luhembe lilikuwa limezinduliwa mara ya nne. Rais alikuja, akahutubu kwamba tusubiri kidogo, wanamalizia, akakata utepe, bendi ikapiga, akaondoka. Utepe ulikuwepo, mkasi ulikuwepo. Daraja ndilo halikuwepo. Miezi mitano baadaye Veneranda alishikwa na tumbo. Zahanati haikuwa na daktari, hospitali iko ng'ambo ya mto, na mto ulikuwa umejaa. Wakamlaza nyuma ya pikapu ya misheni, wakasubiri maji yapungue.

"Halafu ikawaje?" aliuliza Pelagia.

"Tulikaa pale tangu asubuhi hadi alasiri ya siku ya pili. Hakupiga kelele. Unajua alivyokuwa, hakupenda kusumbua watu. Nguzo za sherehe zilikuwa bado zimesimama pale ukingoni, zimepakwa rangi. Akaniuliza zile nguzo ni za nini. Nikamwambia ni za daraja. Akasema, 'Basi tuvuke.' Nikamwambia subiri kidogo, wanamalizia. Nilimdanganya, mwanangu. Maneno yangu ya mwisho kwake yalikuwa yale yale ya hotuba."

Chai ilipoa. Pelagia aliandika. Mstari ulipojaa aligeuza karatasi, karatasi ilipojaa akachukua nyingine. Alipomaliza zilikuwa kurasa saba, kwa ule mwandiko wake mzuri.

Kanuni ilisema maelezo yasizidi mstari. Pelagia alizishika zile kurasa muda mrefu, kisha akazibana pamoja na fomu, akazituma zote.

*

Makao makuu, Profesa Tindwa alizisoma akalia. Alivua miwani zote mbili. Kisha akafurahi kama ambavyo hajawahi kufurahi, maana katika wapinzani wote waliokusanywa nchi nzima, wengi walikuwa wameandika sababu kama "sijui" au "nimeagizwa". Huyu alikuwa mpinzani wa kweli. Wageni wa ng'ambo wangeweza kumla kwa kijiko.

Siku ya kutangaza matokeo, Profesa alizisoma kurasa zote saba redioni. "Wanaosema nchi yetu haina uhuru, wasikilize! Mzee mmoja wa Kata ya Kigwadu, mhudumu mstaafu wa zahanati, mume wa marehemu Veneranda, jina lake tunalificha kwa mujibu wa maadili ya utafiti…"

Tangu siku hiyo Mzee Anakleti aliitwa Asilimia.

Dukani aliambiwa sukari imekwisha, hali mfuko upo wazi mbele yake. Kwaya ya kanisa, ambako aliimba besi miaka yote, ilimwomba apumzishe sauti hadi uchaguzi upite. Watoto aliowapima walivuka barabara wakimwona. Bwana Chelestino alifika kwake rasmi kumpongeza, akasimamia mbali, akapongezea pale pale.

Lakini lilianza jambo jingine. Mchana, jua linapochoma na watu wenye akili wamelala, mtu angepita karibu na ua wa Mzee Anakleti, ajifanye anafunga kiatu, aseme neno moja bila kumtazama. Muuza dagaa alipita, akasema, "Dada yangu, mto ule ule." Mwalimu wa hesabu alipita, akasema, "Mwanangu wa pili." Mpiga kinanda wa kwaya alipita mara tatu, na mara zote tatu alishindwa kusema, akafunga kiatu tu. Mzee alikuwa akiwajibu, "Pole," na kuendelea kufagia.

*

Siku ya kura ilifika. Kituo cha Kigwadu kilipiga kura mia sita na arobaini, na jioni masanduku yakafunguliwa. Ndiyo zilikuwa ishirini na tisa, na kati ya hizo kumi na nne zilikuwa za wasimamizi wenyewe. Hapana zilikuwa mia sita na kumi na moja.

Bwana Chelestino alihesabu mara nne, kisha akakaa chini kwenye vumbi.

Makao makuu hayakupaniki. Utafiti ulikuwa wa kisayansi. Kwa hiyo waliokosea ni wapigakura. Matokeo yakasahihishwa kufuata kanuni: ndiyo mia sita ishirini na mbili, hapana kumi na nane, ambazo ndizo asilimia zile zile. Hao kumi na nane hawajulikani mpaka leo, na kila mtu pale Kigwadu yuko tayari kuapa kwamba hayumo. Rais aliapishwa, mizinga ikapigwa, na kwa nchi nzima mambo yakaishia hapo.

Kwa Mzee Anakleti hayakuishia hapo. Siku ya nne baada ya kuapishwa, gari la polisi lilivushwa kwa pantoni ya jeshi, ambayo kumbe ilikuwepo, likasimama mbele ya ua wake. Alishtakiwa kwa kosa la kuzidi asilimia aliyopangiwa. Serikali ilikuwa imempa nafasi ya kuwa mtu mmoja. Yeye akawa mia sita na kumi na moja.

*

Asubuhi ya kesi, Bwana Chelestino alimpitia Pelagia nyumbani ili waongozane mahakamani. Shahidi wa serikali alikuwa ni Pelagia. Walifika hadi kwenye ngazi za mahakama.

"Binti zako wako kidato cha ngapi sasa?" aliuliza Bwana Chelestino.

"Cha pili na cha nne."

"Wanafanya vizuri?"

"Wanajitahidi."

"Nauliza tu," alisema Bwana Chelestino, na kusema kweli uso wake ulionyesha aibu.

Mahakama ilijaa. Mwendesha mashtaka alikuwa kijana mpole, sauti yake ya kanisani.

"Shahidi, ulimweleza mshtakiwa kwamba anatakiwa mtu mmoja tu?"

"Alielezwa."

"Na akakubali kuwa mtu mmoja?"

"Alikubali."

"Basi hawa mia sita na kumi wengine, ambao kisheria hawapo, wametoka wapi?"

Mwendesha mashtaka akainua zile kurasa saba, akazipeperusha taratibu.

"Fomu inaruhusu mstari mmoja. Hapa kuna kurasa saba. Swali langu ni dogo. Mshtakiwa alikulazimisha kuyaandika haya, au wewe, mtumishi wa Taasisi, ulikaa ukamsikiliza?"

Kila mtu pale ndani alielewa swali lile lilikuwa na maana gani. Kama alikaa akamsikiliza, na tena akamwuliza ikawaje, basi kizimba kilikuwa na nafasi ya wawili. Pelagia aliwatazama binti zake, waliokuwa wamekaa benchi la nyuma na sare zao za shule. Kisha akamtazama Mzee Anakleti. Akafungua mdomo. Waliokuwepo wote wanakubaliana juu ya hilo: alifungua mdomo.

"Mheshimiwa hakimu," alisema Mzee Anakleti kabla yake, akisimama bila ruhusa, "huyu binti alinikataza. Aliniambia mstari mmoja unatosha. Mimi ndiye niliyemnyang'anya kalamu nikaandika mwenyewe."

Hakimu alizitazama zile kurasa. Mwandiko ulikuwa wa kufundishia. Akaitazama mikono ya Mzee, ambayo ilikuwa inatetemeka hata ikiwa imeshikilia mbao. Akamtazama Pelagia.

"Mahakama imeridhika," alisema. "Shahidi, una la kuongeza?"

Mzee Anakleti alimtazama Pelagia, akatikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayemkataza mtoto asishike moto.

"Sina," alisema Pelagia.

Mzee Anakleti akapewa miaka tisa jela.

*

Taasisi ilimpandisha Pelagia cheo kwa ushahidi wake, akawa Mdadisi Mwandamizi. Alipokea barua, akasema ahsante, akaenda kazini kila siku. Mwezi wa nne aliomba ruhusa ya kwenda kliniki, akapanda basi siku mbili hadi Gereza la Mawe Meupe. Alibeba karanga za kukaanga, sabuni, na sweta aliyoifuma mwenyewe.

"Wewe ni nani wake?" aliuliza askari wa mlangoni. "Wanaruhusiwa ndugu tu."

"Ni baba yangu."

Mzee Anakleti aliletwa. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa ndefu. Aliipokea sweta akaivaa hapo hapo juu ya nguo za gereza, ingawa kulikuwa na joto.

"Baba, nilinyamaza," alisema Pelagia. Alikuwa ameandaa maneno mengi safari nzima, na hayo mawili ndiyo yaliyobaki.

"Ulinyamaza vizuri. Watoto wamefaulu?"

"Mkubwa amefaulu."

"Umeona." Akamenya karanga, akatafuna polepole kwa upande mmoja. "Mwanangu, katika kazi yako hii, umeshawauliza watu wangapi?"

"Elfu kumi na moja hivi, kwa tafiti zote za Taasisi."

"Na wewe? Nani amekuuliza?"

Pelagia alidhani ni utani. Mzee hakuwa anatania.

"Basi nakuuliza mimi. Unampenda Rais?"

Askari alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwao. Pelagia alimtazama, akatazama meza. Mzee Anakleti hakumharakisha. Aliacha kutafuna.

"Hapana, Baba," alisema Pelagia.

Alikuwa hajawahi kulisikia neno lile kwa sauti yake mwenyewe. Likafungua mengine. Akamweleza habari za mumewe Laurenti, aliyekuwa kibarua kwenye ujenzi wa jukwaa la sherehe za uhuru. Jinsi jukwaa lilivyoporomoka siku moja kabla, na jinsi waliokuwa chini yake walivyofukiwa na kifusi, kifusi kikamwagiwa zege, kwa sababu gwaride lilikuwa asubuhi. Kila mwaka gwaride hupita pale, na kila mwaka yeye hupewa bendera ya kupunga. Alieleza yote, na Mzee alisikiliza yote, mkono wake juu ya mkono wa Pelagia. Askari aliangalia saa yake, akageukia dirisha, na akabaki amegeukia dirisha.

*

Mwezi wa saba Pelagia alirudi tena. Askari wa mlangoni alikuwa mwingine. Alifungua daftari, akapitisha kidole, akasema mfungwa huyo alifariki kwa homa wiki tatu zilizopita, na kwamba ndugu walijulishwa.

"Ndugu yake ni mimi," alisema Pelagia. "Sikujulishwa."

Askari akaangalia tena. "Hapa imeandikwa mlijulishwa."

Walimpeleka nyuma ya ukuta, penye ardhi ya mawe na nyasi kavu. Palikuwa na matuta matatu mapya, yamelingana, hayana msalaba wala namba. Askari alisema wiki ile walizikwa watu watatu siku moja, na aliyewazika amehamishwa.

"Yupi ni baba yangu?"

"Mmojawapo, mama. Kwa kweli siwezi kukudanganya."

Pelagia alikuwa amekuja na karanga kwenye kitambaa. Aliziweka chini, akavua viatu. Akapiga magoti kwenye tuta la kwanza, akainamisha kichwa, akasema shikamoo. Akanyanyuka, akapiga magoti kwenye la pili. Kisha akaenda kwenye la tatu.